Makofi Waliyopigiwa Wengine

Mvua ilikuwa imeukamata mji wa Glasgow tangu asubuhi, na nusu ya mji ilikuwa imejibanza ndani ya stesheni kuu. Innes, fundi wa kubandika vigae, alikuwa kwenye foleni ya mikate ya soseji, nyuma ya msichana mwenye koti la manjano lililofika magotini na nywele nyekundu zilizolowa chapachapa. Msichana alikuwa ameushika mpini wa mwavuli kwa mikono miwili, vidole vikirukaruka juu yake bila kutulia.

“Dada, huo mwavuli umekukosea nini?”

“Nafanya mazoezi ya zumari la mfuko.”

“Mbona silisikii?”

“Ndiyo bahati yako leo.”

Akacheka, na Innes akamuuliza linafundishwa wapi. Jumanne iliyofuata, yeye ambaye hata mluzi ulimshinda, alikuwa kwenye ukumbi wa kanisa ameshika kizumari cha mazoezi, kile kisicho na mfuko, na mwalimu ni msichana yuleyule, Mairead. Haukupita muda wakawa wapenzi. Bendi ya Mairead ilizunguka mashindanoni kiangazi chote, na Innes aliapa kiangazi kijacho hatabaki nyuma.

Kizumari hicho ndicho kilichotia mchanga kitumbua chao.

“Zumari la mfuko halinyamazi, mpenzi, mfuko unapuliza tu,” Mairead alimweleza. “Ukitaka sauti ileile mara mbili, huwezi kupumzika katikati. Unaikata kwa kidole. Inua kidole cha shahada, kirudishe hapohapo, kama umegusa sufuria ya moto. Hiyo ndiyo nakshi ya kwanza.”

Majani yakapukutika, theluji ikaja ikaondoka, Innes bado yuko kwenye nakshi ya kwanza. Kidole chake, kigumu kwa saruji, kiliinuka juu mno na kurudi kimechelewa, na badala ya mkato mkavu ukatoka mlio wa bata aliyekanyagwa. Kilichomuudhi zaidi ni Bi Nessa, mpishi wa shule, aliyejiunga baada yake na kukosea waziwazi, lakini akapigiwa makofi. “Safi sana, Bi Nessa!” Kwa Innes neno lilikuwa moja tu: “Rudia.”

Akarudia. Juu ya goti ndani ya basi, juu ya kigae cha mteja, hata juu ya kiganja cha Mairead kwenye giza la sinema.

“Kimechelewa,” Mairead alinong'ona, macho kwenye filamu.

Innes akauchomoa mkono. “Hata kukushika mkono ni mtihani?”

“Nimekuambia tu, kipenzi.”

“Wengine unawapigia makofi! Mimi unanionea haya, sema tu. Vidole vyangu miiko ya saruji, sivyo?”

“Innes, punguza sauti, watu wanatutazama.”

“Watazame! Tafuta mwenye vidole kama vyako!”

Akaondoka, akamwacha na bisi mapajani.

Akanuna. Mairead akimpigia simu, aliitazama mpaka ikakatika. Lakini hasira ilimrudisha kwenye kizumari kila jioni. Akikitupa kitandani, akikiokota, jirani akigonga ukuta. Jioni moja kidole kiliinuka kidogo, kikarudi. Mkato ukatoka safi! Akageuka kutafuta wa kumwambia, na hapakuwa na mtu. Angeuzunguka mji mzima, wa kumwelewa alikuwa mmoja tu. Ilimuuma, akapiga simu.

“Usiseme kitu. Sikiliza.”

Akapuliza. Kidole kikachelewa. Akajaribu tena, ikawa balaa.

“Sasa hivi kilikuwa sawa! Naapa!”

“Nakuamini.”

“Basi nipigie makofi.”

“Sitaki.” Sauti ya Mairead ilikuwa ya kilio. “Baba alifundisha kwenye ukumbi uleule. Mwanafunzi ambaye Baba amemkatia tamaa, alimpigia makofi, akamwacha na furaha yake. Mimi alinirekebisha mpaka mezani. Bi Nessa anakuja kujifurahisha, Innes. Wewe nakutaka kando yangu kwenye bendi. Sijui njia nyingine ya kumtaka mtu.”

Innes aliketi kitandani. Wakati wote huo alikuwa akiyaonea wivu makofi ya kuagana.

“Mbona hukuniambia?”

“Simu ulikuwa unapokea?”

“Mimi mjinga.”

“Kidogo. Na kidole bado unakiinua mno.” Akashusha pumzi. “Unaona? Sitaweza kunyamaza. Nitakukosoa hata siku ya harusi.”

“Harusi ipi?”

“Ile unayoogopa kuniomba.”

Innes alikuwa ameshashika funguo. “Bandika chai,” alisema. “Nakuja kuomba.”