Madoa Ndani ya Chungu

Jumamosi nyumbani kwa Maike Pawlik ilianza na ndoo. Kahawa haijapoa mezani, tayari madirisha yako wazi, mazulia yananing'inia rosheni, na Maike amejifunga kitambaa kichwani, mikono imelowa hadi viwiko. Mtaa mzima pale Gelsenkirchen, Ujerumani, ulikuwa hivyo siku hiyo. Huyu anafuta vioo, yule anafagia mbele ya mlango. Lakini hakuna aliyemfikia Maike, na majirani walilijua hilo.

Mumewe, Jannis, alikuwa mwoka mikate. Alirudi kazini saa nne asubuhi, unga ukiwa bado kwenye nyusi.

"Nikikaa kwenye kochi, utanisugua na mimi?" aliuliza.

"Ukikaa na hizo nguo, nakusugua kwa brashi ya choo."

"Thea, umemsikia mama yako?"

Thea ni binti yao wa miaka mitano. Alikuwa amelala kifudifudi mbele ya tangi la samaki, pua imegusa kioo.

Tangi hilo lilisafishwa mwisho, na lilisafishwa kuliko vyote. Maike alichota maji karibu yote. Alitoa chujio, akalisuuza kwa maji ya moto ya bomba mpaka sponji yake ikawa nyeupe. Akatoa mawe, akayasugua. Kisha akatoa nusu ya chungu cha maua, kilichofudikizwa mchangani kama kijumba, akakisugua kwa brashi na siki, nje na ndani.

Ndani ya tangi walikuwamo samaki wawili tu, dume na jike. Walikuwa sikilidi, ukoo mmoja na sato na perege, ila hawa ni wadogo. Jike hakuzidi urefu wa kidole. Asili yao ni mito ya Nigeria. Lakini hawa wawili, na wazazi wao, na wazazi wa wazazi wao, walizaliwa palepale Gelsenkirchen, katika chumba cha chini cha nyumba ya mzee Eckhard, baba yake Maike. Mzee alianza kuwafuga mwaka aliozaliwa Maike. Kwa miaka thelathini na moja alilea kizazi baada ya kizazi.

Halafu mzee akapatwa na kiharusi. Sasa alikuwa anaishi katika nyumba ya kutunzia wazee, mkono wa kulia umelala, maneno yamebaki machache. Nyumba yake ilikuwa ya kupanga, ikabidi irudishwe kwa mwenye nyumba. Matangi yaligawiwa harakaharaka, huyu hili, yule lile, na hakuna aliyejua tena samaki wameishia wapi. Jozi hii moja ndiyo iliyobaki.

Kila Jumapili Maike alimpelekea baba yake keki ya tufaha. Mzee alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, akamtazama bintiye, akauliza neno moja tu.

"Watoto?"

"Bado, Baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye keki yake. Maike alitamani angalau angemgombeza.

Jike alikuwa na miaka mitatu sasa, na samaki wa aina hii hawaishi sana. Asipolea mwaka huu, huenda asilee tena. Kazi yote ya mzee ingekwisha mikononi mwa binti yake. Ndiyo maana Maike alisugua kwa bidii. Mtoto huhitaji nyumba safi, alijiambia, basi na samaki vilevile.

Jumamosi hiyo, alipoingiza mkono kutoa chungu, jike alimrukia kidole. Tumbo lake lilikuwa limeiva wekundu kama plamu.

"Ameniuma!" alisema Maike, akacheka.

"Huyo mdogo?" aliuliza Jannis.

"Ananidokoa tu. Lakini ana hasira, mtazame!"

"Hata ile Jumamosi nyingine alikudokoa," alisema Thea. "Kwa nini anakuchukia?"

Maike alikuwa ameshakipeleka chungu kwenye ndoo.

Maji ya ndoo yakawa machafu. Bafu lilikuwa limeshapigwa deki, na Maike asingekubali lichafuke tena. Akabeba ndoo kwenda kumwaga uwani. Zamu ya kuosha ngazi wiki ile ilikuwa yake, kibao cha zamu kilining'inia kwenye kitasa cha mlango wake. Alipofika ngazi ya mwisho, mguu ukateleza. Nusu ya ndoo ikamwagika mbele ya mlango wa Bi Sobottka, jirani wa chini.

Mlango ukafunguka papo hapo. Bi Irmtraud Sobottka alikuwa ameendesha tramu, zile treni za barabarani mjini, miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na sauti yake ilikuwa bado inasikika mpaka kiti cha nyuma kabisa.

"Vizuri kabisa! Zamu ya ngazi ni yako, na mchafuaji wa ngazi ni wewe. Hapo kazi haitakwisha!"

"Samahani sana, Bi Sobottka. Nayafuta sasa hivi."

Lakini Bi Sobottka alikuwa ameinama. Alinusa mara moja, akanusa tena.

"Haya ni maji ya samaki," alisema. "Na siki. Siki, binti? Unawafuga, au unawatia kwenye mtungi kama samaki wa achari?"

"Siki ni ya chungu tu. Halafu nakisuuza."

"Chungu gani? Ingia ndani. Acha ndoo hapo, haitakimbia."

Maike alikuwa akidhani ule mvumo unaotoka chumba cha chini cha Bi Sobottka ni wa friza. Kumbe yalikuwa matangi kumi na moja ya samaki. Bi Sobottka alimwonyesha yote, kisha akamkalisha kwenye kigoda katikati yake na kuanza kumhoji.

"Haya, nieleze. Jike yukoje?"

"Tumbo jekundu. Tangu Jumatano haonekani, amejificha chunguni. Hata chakula hakifuati."

"Na leo ukakitoa hicho chungu."

"Kila Jumamosi nakitoa."

"Kwa ndani, kule juu kwenye dari yake, uliona nini?"

"Hakuna kitu. Uchafu tu. Vidoa vya kahawia, vingi, kama mbegu za haradali. Vinang'ang'ania kweli, inabidi usugue kwa ngu..."

Maike aliitazama mikono yake.

Bi Sobottka alivuta kigoda kingine, akaketi mbele yake. Mapovu ya hewa yalisikika yakipanda ndani ya matangi.

"Mara ngapi?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Tatu. Labda nne." Maike alijifunika uso kwa mikono iliyonuka siki. "Alikuwa ananizuia. Nami nikacheka."

"Sikia," alisema Bi Sobottka. "Samaki wa urefu wa kidole anaona mkono mkubwa kama tramu unaingia nyumbani kwake. Hakimbii. Anaupiga. Mimi nimekaa mbele ya tramu maisha yangu yote, na paka, mbwa, watu wazima wenye mabegi yao, wote hukimbia. Huyo wako hajakimbia mara nne. Unalia nini? Mama wa namna hiyo hajachoka. Ukimpa nafasi, atazaa tena."

Akamweleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Jike hubandika mayai kwenye dari ya pango, mahali pa giza. Huyapepea kwa mapezi usiku na mchana ili yapate hewa, na yaliyooza huyaondoa mwenyewe kwa mdomo. Siku ya tatu mayai huanguliwa. Vifaranga hukaa ndani kama siku tano hivi, hawajui kuogelea bado. Halafu mama huwatoa nje.

"Na dume?" aliuliza Maike. "Jannis anasema labda tumtoe, asije akawala."

"Umtoe mlinzi? Mama analea, baba analinda mpaka. Waache wote wawili. Wazazi hula mayai yao wakisumbuliwa, wakiona mahali hapafai. Anayewasumbua ni nani?"

"Mimi."

"Nimefurahi umesema mwenyewe. Na Jumapili wanahema harakaharaka, siyo?"

"Ndiyo! Mimi nadhani wamechoka."

"Wamelewa sumu. Mkojo wao ni sumu kwao wenyewe. Kwenye sponji ya chujio wanaishi bakteria wanaoila ile sumu. Ule utelezi wa kahawia unaouona uchafu ndio wao. Ukiwapiga maji ya moto wanakufa wote. Sponji nyeupe ni sponji iliyokufa, binti."

Bi Sobottka alikunja mkono wa sweta, akazamisha mkono katika tangi la kumi na moja, akatoa sponji nyeusi kama matope. Akakata nusu kwa mkasi, akaitia kwenye mfuko pamoja na maji yake, akamkabidhi Maike.

"Zawadi," alisema. "Iweke kwenye chujio lako. Wenyeji wake watahamia kwako."

Maike, aliyesugua hata chini ya jokofu, alipokea uchafu ule kwa mikono miwili na kushukuru.

"Sasa nirudishie niliyokwambia."

"Nibadilishe robo ya maji kwa wiki, yenye joto sawa na ya tangini. Sponji ikiziba, niikamue kwenye ndoo ya maji niliyotoa tangini, si bombani. Siki na sabuni mwiko. Na chungu..."

"Ndiyo, na chungu?"

"Nisikiguse."

"Hata kwa macho, ukiweza."

Wiki tatu zilipita. Maji yalipata rangi ya chai kwa sababu ya majani makavu aliyoyaleta Bi Sobottka. Jannis alipoyaita ya msonobari, bibi alimkemea: ni majani ya mwaloni, yaliyoanguka yenyewe vuli, basi! Kioo cha nyuma kiliota ukijani. Samaki waliacha kuhema ovyo. Tumbo la jike likaanza tena kuiva.

Jumatano moja akatoweka chunguni.

Jumamosi yake ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Maike alisafisha jiko mara mbili. Alifuta taa, akafuta vitasa, akafuta hata majani ya maua. Kila akipita mbele ya tangi, mikono inamwasha.

"Limeota ndevu," alisema Jannis, akilitazama tangi. "Nipitishe kitambaa kidogo tu?"

"Jaribu uone!"

Kutoka chini ngazini sauti ya Bi Sobottka, ile ya tramu, ikapanda: "Umekigusa?"

"Sijakigusa!" alijibu Maike.

"Ameangalia lakini!" alipiga kelele Thea.

Wiki hiyo Bi Sobottka alimfundisha kuandaa chakula cha wachanga. Mayai makavu ya vijidudu vya maji ya chumvi hutiwa kwenye chupa yenye maji na chumvi isiyo na madini joto. Chupa huwekwa mahali pa joto, na pampu ndogo huyapulizia hewa. Baada ya siku moja na nusu hivi, vijidudu huanguliwa, vidogo kama vumbi la rangi ya chungwa. Maike alijaribu mara ya kwanza akakosea, akaweka chupa dirishani penye baridi. Mara ya pili akafaulu.

Alhamisi, wakiwa mezani wanakula viazi, Thea alisukuma kiti.

"Mama! Vumbi linatembea!"

Walikimbia wote watatu. Mbele ya chungu, juu ya mchanga, kulikuwa na kiwingu cha vitu vidogo kama vipande vya uzi, kila kimoja na macho mawili. Jike alielea juu yao, amewaka rangi ambazo Maike hakuwahi kumwona nazo. Dume alizunguka pembeni, akisimama kila kona. Jannis aliposogeza kichwa, jike alitikisa mwili mara moja tu. Papo hapo kiwingu chote kikashuka na kulala mchangani, kimya, hakionekani. Aliporidhika akatikisa tena, nao wakainuka.

"Na mimi nikimwita Thea mara kumi haji," alinong'ona Maike.

Hakuna aliyerudi kwenye viazi vyake mpaka vikapoa.

Jumapili hawakupeleka keki. Walimleta mzee. Jannis alimpandisha ngazi mgongoni, akisema mifuko ya unga ni mizito zaidi, na Bi Sobottka akafuata nyuma na kiti, akitoa amri kila kona. Walimkalisha mbele ya tangi.

Mzee Eckhard alitazama maji ya rangi ya chai. Akatazama majani yaliyolala chini, na ukijani wa kioo cha nyuma. Akamgeukia bintiye, maana alimjua vizuri yeye na brashi yake.

"Chafu," alisema, na uso wake ukatulia kwa kuridhika.

Ndipo jike akatoka nyuma ya chungu na kiwingu chake. Mzee akainua mkono wa kushoto. Kidole kikaanza kuhesabu, kikapotea, kikaanza upya. Jike hakukipenda kidole hicho. Akakimbilia kioo, akakidokoa, mara moja, mara mbili. Mzee akacheka. Tangu augue, Maike hakuwa amesikia kicheko hicho.

"Watoto," alisema mzee. Safari hii halikuwa swali.

Vifaranga arobaini na watatu walikua. Bi Sobottka aliwapeleka wengine kwenye mabadilishano ya Jumapili ya chama cha wafugaji samaki, na akachagua nyumba nne tofauti, ili ukoo wa mzee usitegemee tena jozi moja. Mtu mmoja alipendekeza waliozidi watupwe mferejini. Alipewa somo refu ambalo hataliomba tena.

Jumamosi nyumbani kwa Maike bado huanza na ndoo. Madirisha hufutwa, mazulia hukung'utwa. Tangi nalo hupata robo yake ya maji, polepole. Na jike akija mbio na hasira zake, Maike hutoa mkono majini.

"Haya, mama," humwambia. "Naondoka."