Anacheka, kwa Hasira

"Soma tu, mwanangu, yaishe," meneja wa redio aliniambia huku akinisukumia karatasi. "Saa saba kamili uombe radhi hewani. La sivyo mamlaka ya utangazaji inatufungia miezi sita."

"Niombe radhi kwa lipi? Nilidanganya?"

"Hakuna aliyesema umedanganya. Wanasema una mtazamo."

Jamani! Eti mtazamo. Wiki iliyopita msikilizaji alipiga simu kwenye kipindi changu kulalamikia soko kuhamishwa, nami nikasema hata mimi naona lisihamishwe. Basi.

Mamlaka ilikuwa imetuletea barua, na nyuma yake walikuwa wameambatanisha maneno yangu yote, neno kwa neno. Nilipofika mstari wa mwisho, moyo ulinilipuka paa: (Mtangazaji anacheka, kwa hasira.)

Mtu baki angeandika "anacheka" tu. Nikikasirika huwa nacheka, na waliolijua hilo duniani ni wawili, marehemu mama yangu na mchumba wangu. Marehemu hafanyi kazi mamlaka. Mchumba anafanya, ila aliniapia kwamba anatengeneza kompyuta.

Nikampigia.

"Kasuku wangu, umeamkaje?"

"Ni wewe uliyeniandika?"

"Nani kakwambia?"

"Nakuuliza, ni wewe?"

"Ndiyo kazi yangu. Tunaletewa kanda, tunaandika. Ningekataa wangempa mwingine."

"Mwingine asingekijua kicheko changu! Hilo 'kwa hasira' lako ndilo walilolishika. Barua inasema ni ushahidi wa dharau!"

"Sikufikiri. Nilikusikia, nikakujua, mkono ukaandika. Nisamehe."

"Leo kamati ya bunge inasikiliza maoni kuhusu ule muswada wa kuizuia serikali kuadhibu vituo kwa sababu ya mtazamo. Nenda kawaambie mnatumwa kuwinda nini humo ndani."

"Nitafukuzwa! Harusi imebaki wiki tatu, mama ameshaalika ukoo mzima..."

"Basi mama akutafutie mwanamke asiyecheka."

Nikakata simu. Ujasiri wenyewe ulikuwa wa mdomo tu. Nisiposoma, meneja, fundi mitambo na wenzangu wote watarudi nyumbani mikono mitupu. Nikisoma, kesho nitafungua kipaza sauti niseme nini? Habari za mvua? Nilimpenda yule mwanaume na nilitamani kumpiga kofi, vyote kwa pamoja. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Saa saba taa nyekundu ikawaka. Nikaiinua ile karatasi.

"Ndugu wasikilizaji, mimi naomba..."

Fundi mitambo akagonga kioo kwa nguvu. Nilikuwa nimemwachia simu yangu, sasa ameibandika kwenye kioo nisome ujumbe: "Fungua matangazo ya bunge. Niko mbele ya kamati."

Nikamwashiria ayaingize hewani. Meneja alishika kichwa, akaketi. Hakutuzuia.

"...tunaelekezwa kutafuta mtazamo, mheshimiwa, siyo uongo." Ilikuwa sauti ya mchumba wangu.

"Na huyu mtangazaji uliyemtaja, ulijuaje kwamba anacheka kwa hasira?" mbunge mmoja akauliza.

"Ni mchumba wangu, mheshimiwa."

"Unasemaje?"

"Nilijua kwa sababu nampenda. Na nililolijua kwa mapenzi, nikaliandika limwadhibu."

Nililia huku kipaza sauti kikiwa wazi, nchi nzima inanisikia. Ile karatasi sikuimalizia.

Saa nane watu wa mamlaka walikuja na kufuli. Muswada ulikuwa bado uko kwenye kamati, haukutuokoa siku ile. Tulitolewa mmoja mmoja na mikoba yetu. Getini nikamkuta amesimama, shingoni hana tena kitambulisho cha kazi.

"Wamekufukuza?"

"Hata ngazi za bunge nilikuwa sijamaliza kushuka."

"Na mama?"

"Amenikatia simu. Nina wewe tu, kama bado unanitaka."

Nikatazama lile kufuli nyuma yangu, nikamtazama na yeye, nikaangua kicheko.

"Haya, andika," nikamwambia.

"Anacheka," akasema polepole, kwa kuogopa. "Kwa hasira?"

"Tena sana. Nishike mkono, twende kwa mama yako."