Gauni Lililofumuliwa kwa Wembe

Wewe unayesoma, ulimwona. Usiseme hukumwona. Ulipita ukienda shule ukamkuta mtu mzima amesimama mlangoni kwake peke yake, anatafuta wa kumsalimia, nawe ukainama ukajifanya unafunga kamba ya kiatu. Sisi wakubwa hatukuwa bora. Tulijifanya tuna haraka. Basi kaa usikilize yaliyotokea mtaani kwetu, maana mimi sijayasahau.

Palikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili tuliyemwita Pini. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na kila akitoka shule Pini alikaa naye kibarazani, pini tatu zimebanwa midomoni, akifumua mapindo na kushona vifungo. Kazi aliijua. Ukimpa nguo iliyoharibika alikuambia kilichoipata: hii imenaswa na msumari, hii imeliwa na panya, hii mwenyewe kanenepa ila hataki kukubali.

Kila Jumanne alasiri alikuja Bibi Simu. Kwa miaka thelathini alifanya kazi katika ofisi ya simu, enzi zile ambapo simu yako haikwenda popote mpaka yeye akuunganishie kwa mkono. Sasa alikuwa amestaafu, anaishi peke yake. Alileta gauni lilelile la kijani, pindo limefumuka.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Gauni hili lina ugomvi na mimi. Limefumuka tena!"

Alikaa kwenye benchi akipiga soga mpaka kazi iishe. Ikiisha mapema, aliuliza kama shingo nayo haihitaji kutazamwa.

Jumanne ya tano Pini alilisogeza pindo karibu na macho, akachanganyikiwa. Uzi uliochakaa hukatika ovyo ovyo, ukaacha ncha zenye manyoya. Huu ulikuwa umekatwa safi, kwa wembe, kila baada ya mshono wa tatu. Bibi alikuwa akiiharibu nguo yake mwenyewe, kisha anaileta itengenezwe. Kwa nini?

Kesho yake alimuuliza rafiki yake darasani, msichana mwenye maneno mengi aliyeitwa Kasuku.

"Anawapima," Kasuku alisema. "Anataka ajue kama mama yako anashona vizuri."

"Kila wiki?"

"Basi akili zimeruka."

"Akili zikiruka mtu hakati uzi sawasawa vile."

"Sasa unaniuliza mimi kwani mimi ndiye wembe?"

Jumanne iliyofuata kibaraza kilijaa wateja. Bibi Simu alilitoa gauni mfukoni, na Pini hakuweza kujizuia tena. Alilinyanyua juu kila mtu akaliona.

"Bibi, hili halikufumuka. Umelifumua mwenyewe! Kwa wembe!"

Watu waligeuka. Mmoja alicheka.  Bibi Simu alilichukua gauni lake taratibu, akaondoka bila kuaga.

"Umefanya nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Nimesema kweli! Si mnatuambia kila siku tuseme kweli?"

Mama alirudi kwenye cherehani yake. Pini akazidi kuchanganyikiwa. Amesema kweli, mbona anajiona kama mwizi?

Jumanne nyingine ikaja, Bibi Simu hakuonekana. Ya pili, benchi likabaki tupu. Mama alisimamisha cherehani. "Nenda kamwangalie."

Pini alibisha mara tatu ndipo mlango ulipofunguka. Bibi alitaka kuitikia salamu, sauti haikutoka. Ilibidi akohoe kwanza.

"Unaumwa, Bibi?"

"Siumwi. Sauti sijaitumia tu. Tangu siku ile sijazungumza na mtu."

Sufuria jikoni zilikuwa kavu. Mkate mezani ulikuwa umeota ukungu.

"Hujala?"

"Kupikia mtu mmoja kunachosha kuliko kupikia kumi." Bibi alikaa kitandani. "Mama yako alijua habari ya wembe tangu mwanzo, akaninyamazia. Mtu mzima hawezi kubisha kwa watu akasema, nimekuja kwa sababu kwangu ni kimya. Lakini akiwa na nguo mkononi, ni mteja."

"Lakini Bibi, wewe unajuana na mtaa mzima!"

"Ndiyo. Hata mimi sielewi."

Pini alirudi nyumbani mbio. Mama alimpelekea Bibi chakula, Bibi akala kidogo tu, kisha Mama akaenda kumweleza mwenyekiti wa mtaa habari za upweke. Mwenyekiti alikuwa mtu wa mikutano. Kufika Jumamosi alikuwa ameazima viti ishirini na kuvipanga mbele ya ukumbi wa zamani, ule uliokuwa na karata, drafti na kwaya kabla haujageuzwa ghala la saruji. Nilikuwepo siku walipoufunga, na hakuna aliyeinua mkono kuuliza tukutane wapi sasa. Ukutani mwenyekiti alibandika tangazo kubwa: MKUTANO WA WATU WAPWEKE. WOTE MNAKARIBISHWA.

Hakuja mtu. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti kimoja, Pini kwenye kingine, viti kumi na vinane vikawatazama.

"Mtaa wetu hauna wapweke," mwenyekiti alisema kwa fahari, akavirudisha viti.

Pini alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Simu. "Mbona hukuja?"

"Mjukuu wangu, wewe ungekaa chini ya tangazo lile, watu wakipita wanakusoma?"

"Sasa tufanye nini?"

"Sijui," Bibi alisema. Pini alishangaa. Hakuwahi kumsikia mtu mzima akisema sijui bila kukasirika.

Aliwaza siku mbili, hata hesabu darasani akazikosa. Mwishowe akaliona jibu. Kama mtu anahitaji kitu mkononi ili aje, basi wote waje na kitu mkononi. Aliandika tangazo lake dogo, akalibandika kibarazani: "Jumanne alasiri. Leta kilichoharibika tutengeneze pamoja. Anayejua atafundisha, asiyejua atafundishwa."

Wa kwanza walikuwa watatu. Kijana mchomeleaji aliyehamia mwaka uliopita alileta shati. Mama wa mapacha alileta begi lenye zipu mbovu. Fundi viatu asiyesikia alileta nyundo yake. Huyu tuliishi naye miaka mingi, na hakuna aliyejifunza hata kumsalimia kwa mikono. Walikaa kimya kama wanasubiri daktari.

Kijana alijaribu kupitisha uzi kwenye sindano, akashindwa mara sita. "Mimi nachomelea mageti, ka-uzi haka kananinyanyasaje?" Fundi viatu alimnyang'anya, akaupitisha mara moja, akamtolea ulimi. Kibaraza kizima kikacheka. Mama wa mapacha akataka aonyeshwe asante husemwaje kwa mikono. Jumanne iliyofuata dada mmoja wa kiti cha magurudumu alishindwa na ngazi, basi wakaishusha cherehani uani, na ikabaki huko. Wakawa tisa.

Lakini Bibi Simu hakuwapo. Pini alishona huku akitazama njia, mpaka pini ikamchoma.

Jumanne ya tatu alitokea getini, mikono mitupu.

"Sina kilichoharibika," alisema, kama anayeomba radhi.

Pini alimwendea. Safari hii alisema kwa sauti ndogo. "Bibi, nilikuaibisha mbele za watu. Nisamehe."

"Ulisema kweli."

"Nilisema kabla ya kuuliza."

Bibi alisimama pale kama haelewi aende mbele au arudi. Kijana mchomeleaji akasogea kwenye benchi. "Bibi, njoo hapa uniokoe, kifungo hiki kimenishinda." Akaenda, akakaa. Kabla ya jioni alikuwa akibishana na mama wa mapacha jinsi ya kukunja pindo, na sauti yake ilifika barabarani.

Walipokuwa wakikusanya vitambaa, Pini aliuliza, "Mama, kwa hiyo nilikosea kusema kweli?"

"Uliusema ukweli nusu, mwanangu. Uliona uzi uliokatwa, hukumwona aliyeukata. Na mimi nilikosea zaidi. Nilijua, nikashona nikanyamaza, nikadhani nimesaidia. Saa moja ya Jumanne haimtoshi mtu mwenye wiki nzima ya ukimya. Na huruma pekee haitoshi. Mtu anahitaji mahali ambapo asipokuja watu wanauliza, yuko wapi leo? Mahali pa kila mtu, anayesikia na asiyesikia, anayetembea na asiyetembea, mgeni na mwenyeji."

Sasa wewe. Yupo mmoja mtaani kwenu, na jina lake limekujia tayari. Usingoje mwalimu akuulize maswali ya hadithi hii. Weka kitabu chini. Waambie wa nyumbani kwenu, mchukue mwenzako, mwende mkamwombe mtu huyo aje awafundishe jambo analolijua. Kisha mwende kwa mwenyekiti wenu mkamuulize kwa nini ukumbi umefungwa, na msiondoke mpaka ajibu. Leo, kabla jua halijazama. Inuka.