Msumeno Mpya wa Leah

Haya yalimpata rafiki yangu Leah, fundi seremala wa Ruangwa, na tangu siku ile hajaingia tena karakanani kwake.

Alikuwa amenunua msumeno wa mkanda, mpya kabisa, mashine ya umeme ambayo mkanda wake wa meno huzungushwa na magurudumu mawili. Jioni walipoufunga mahali pake karakanani, mvua ilimwagika, umeme ukakatika, ndani giza tupu. Mdogo wake Amosi alimulika kwa simu, Leah akizungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, aone kama mkanda umekaa katikati.

Mara meno yakaanza kulia, mlio mzito wa kukata mti mbichi.

"Amosi, umeweka ubao?"

"Sijaweka kitu, dada."

Leah akaliachia gurudumu. Likasimama, lakini mlio ukaendelea. Amosi, akidhani kuna kitu kimenasa, akaingiza mkono chini ya meza.

"Toa mkono! Amosi, toa!"

Leah alimvuta bega, wakaanguka wote, simu ikazimika. Gizani akavipapasa vidole vya mdogo wake kimoja kimoja. Vyote vilikuwepo. Ila kiganja kilijaa unga wa mbao, wa moto.

Juu yao mlio uliendelea polepole, hadi ukafika mwisho. Kisha kipande cha ubao kikaanguka sakafuni, kando ya mguu wa Leah.