Njia ya Mkaa

Jioni ile nilitoka kuomba kaa la moto kwa jirani. Kazi ya dakika tano. Mtoto nilimwacha amelala kwenye mkeka.

Nianze na mikono. Mwaka 1974, tulipohamishwa kutoka milima ya Kitahana kuja kijiji kipya, mikono yangu ilianza kutetemeka. Siku moja nilimwangusha mwanangu, nusura aangukie mafiga. Tangu hapo mume wangu Venanti akawa anambeba mwenyewe mgongoni, mwanamume mzima, na watu wakamcheka. Mimi nililia.

Sababu niliijua, sikumwambia mtu. Siku ya kuhama gari lilijaa, na Venanti alikuwa ametangulia. Mama yake, Kezia, alikuwa kipofu. Alikaa mlangoni ameshika fimbo, akinusa ugoro wake, akisubiri kuinuliwa.

"Kaa hapa, Mama," nilimwambia. "Gari litarudi kukuchukua."

Dereva alikuwa ameshaniambia kwamba halirudi.

Venanti alipomfuata kwa miguu, siku ya tatu, alikuta nyumba tupu. Fimbo nayo haikuwepo.

Mwanaamina, mke wa mwenye duka, mzaliwa wa Ujiji, ndiye aliyenipa dawa. Si hirizi wala kombe la kunywa. Alisema nichukue kipande cha mkaa, nifumbe macho, niuache mkono utembee sakafuni unavyotaka mpaka pumzi itulie. Kisha nifumbue, nitafute umbo katika mistari ile, nilipe jina, nilifute kwa kiganja. Basi.

Nilimwona mzushi. Lakini jioni ya kwanza mikono ilitulia! Niliona kilima. Jioni ya pili, njia inayoshuka kilima. Ya tatu, mto na gogo la kuvukia. Kila siku mkono ulianzia pale ulipoishia jana, nami sikujali, maana nilikuwa nambeba mwanangu tena. Jioni ile ya kuomba moto, umbo lilikuwa nyumba yetu mpya. Nikalifuta, nikatoka.

Niliporudi na kaa langu kwenye kigae, nilisikia kitu nyuma yangu.

Ko... ko... ko...

Fimbo. Na harufu ya ugoro...

Niliingia mbio. Mtoto alikuwa macho, kimya. Sakafuni mchoro ulikuwa umerudi wote: kilima, njia, mto, nyumba. Hapo ndipo nilipoelewa. Njia iliyochorwa kwa macho yaliyofumbwa, nani wa kuisoma kama si kipofu? Wiki nzima nilikuwa namwelekeza kwangu.

Nje, sauti ya chini iliuliza:

"Mwana wanje... mwanangu, gari limerudi?"

Nilipiga magoti nikafuta kwa viganja vyote viwili mpaka udongo ukachubuka. Fimbo ikanyamaza. Kisha ikaanza tena, ubavuni mwa nyumba, ikipapasa ukuta, ikizunguka.

Mlango ulikuwa wazi. Hakuuona.

Asubuhi Venanti alikuta ukuta wa nje una michirizi ya vidole vyenye mkaa, nyumba nzima. Aliitazama mikono yangu, nayo ilikuwa myeusi. Mwanaamina alisema ni mimi mwenyewe, kwamba majonzi yana vituko vyake. Labda. Lakini mimi sinusi ugoro, na kizingitini ulimwagika ugoro.

Tangu siku hiyo, kila jua linapozama, fimbo huzunguka nyumba. Mikono imerudia kutetemeka, na Venanti amerudia kumbeba mtoto. Ahadi ni deni, nami yule mama nimemwacha mara mbili.

Leo nimempeleka mwanangu kwa Mwanaamina. Venanti bado yuko shamba. Nimechukua mkaa, nimefumba macho, nimechora kitu kimoja tu: mlango.

Ko... ko...

Imesimama.

"Gari halikurudi, Mama," nimesema. "Nilijua halirudi. Nilikudanganya. Ingia."

Harufu ya ugoro imejaa chumbani. Mikono yangu haitetemeki tena.

Kuna mtu ameishika.

Macho bado sijayafumbua.