Kadi ya Mwalimu Nyakio

Siku Philister alipokutana na Dedan, aliona kiatu kabla ya uso, na kiatu chenyewe kilikuwa kimekanyaga wino wake.

Ilikuwa Ijumaa mchana, mvua ya Aprili imeamua kumkomesha kila mtu Nairobi, na ukumbi wa chini wa lile jengo la vibanda pale Moi Avenue umejaa watu wanaongojea lifti moja inayofanya kazi ikijisikia. Philister alikuwa amekumbatia mfuko wa karatasi. Mfuko ulikuwa umelowa chepechepe. Ukapasuka, na vitu vyake vikatapakaa sakafuni: mihuri ya mpira yenye picha za ndege na maua, karatasi nene za rangi, na sponji ya wino wa zambarau, kifuniko wazi. Hapo ndipo kijana mmoja mrefu, suti ya kijivu, macho yote kwenye simu, alipoweka mguu katikati ya sponji.

“Yawa! Wewe! Umekanyaga kazi ya mtu!”

“Woi, pole! Sikuona, aki.”

“Utaona aje na macho yote iko kwa simu? Na usitembee! Simama hapo hapo!”

Akatembea, kama ilivyo kawaida ya wanaume wakiambiwa wasitembee. Alama za zambarau zikamfuata hatua tatu kwenye vigae vyeupe. Kiema, mlinzi wa mlangoni, akaziangalia alama, kisha akamwangalia mwenye mguu.

“Hiyo utapiga deki wewe mwenyewe, bosi.”

“Na niko na mkutano Upper Hill saa nane!” kijana akalalamika, ameinua mguu kama kuku aliyekanyaga maji.

“Vua uende na soksi,” Philister akamwambia. “Angalau watakukumbuka.”

Kijana akacheka, tena kwa sauti, akiwa bado amesimama na mguu mmoja. Philister alikuwa ameapa kukasirika hadi jioni, lakini kiapo hakikufika hata kwenye lifti. Alikuwa amevaa gauni la manjano na kilemba cha kitenge, na mikono yake ilikuwa na madoa ya rangi mpaka kwenye viwiko. Dedan Waithaka, maana ndilo jina lake, alisahau mkutano kwa dakika nzima.

Alirudi siku iliyofuata na wino mpya. Alileta wa kijani.

“Ulikanyaga zambarau,” Philister akasema.

“Si wino ni wino?”

“Kwani unafanya kazi gani wewe?”

“Bima.”

“Ndio maana.”

Kibanda cha Philister kilikuwa orofa ya tatu, nusu yake, nusu nyingine ya Maurine anayeuza wigi. Kadi zilining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta: za harusi, za watoto wachanga, za kuomba msamaha. Mezani kulikuwa na kimashine cha kuzungusha kwa mkono. Unaweka kibati chenye makali ya umbo fulani juu ya karatasi, unazungusha mpini, na upande wa pili linatoka ua zima limekatika safi. Dedan alikipenda kimashine kile kama mtoto. Kila Jumamosi alikuja kuzungusha, mikono ya shati imekunjwa, na Philister akipiga mihuri na kumkaripia.

“Polepole, Deda! Hupandi mlima.”

“Na nikiharibu utanifuta kazi?”

“Nitakufuta na hutalipwa.”

“Basi nilipe na kitu kingine,” akamwambia, na Maurine akakohoa kule kwenye wigi zake.

Jambo moja lilimshangaza Dedan. Mbona mwezi wa tano huyu mwanamke anatengeneza kadi za Krismasi? Mbona kadi za hongera ya mahafali ziko tayari na watu hata mitihani hawajafanya?

“Wino wangu unakauka siku nzima kwa hii karatasi,” Philister alimweleza. “Ukingoja habari ifike ndio uanze kukata, umechelewa. Mimi sijawahi kuchelewesha kadi ya mtu. Hata siku moja.”

Alilisema kwa majivuno. Laiti angejua.

Dedan alimpeleka Loresho kwa mama yake. Mwalimu Nyakio alikuwa amestaafu, mjane, mwembamba, sauti bado ya darasani, na Dedan alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyempata akiwa na miaka arobaini baada ya watu kukata tamaa. Alimtazama Philister kutoka kilemba hadi viatu.

“Ndiye huyu aliyekuharibia kiatu?”

“Ni yeye aliniharibia wino, Mum,” Philister akajibu, na mama akacheka mpaka akashika ubavu.

Tangu siku ile walikuwa marafiki. Mwalimu alimsimulia alivyokuwa msichana akichuma kahawa kwao Gatundu, na jinsi mashamba yalivyotanda maua meupe mvua ikinyesha, yakanukia mpaka kanisani. Hakuna manukato ya dukani, alisema, yaliyowahi kuifikia harufu ile.

Mwezi wa nane mapafu ya Mwalimu yakakataa. Alilazwa hospitali, akawekewa mipira puani, kisha mashine. Philister alienda kila siku na chupa ya uji, hata baada ya Mwalimu kushindwa kumeza. Siku ya sita daktari alimwita Dedan pembeni, akamwambia familia ijiandae. Dedan alirudi kwenye benchi ambako Philister alikuwa ameketi, akalia begani mwake bila sauti.

Philister alitoka pale akaenda kibandani. Alimkumbuka baba yake, mzee Obuya, aliyezikwa kwao Ugenya na karatasi za mazishi zilizotolewa fotokopi haraka haraka, uso wa baba mweusi tititi kama sufuria, watu wakiuliza ni nani huyu. Aliapa kwamba mtu anayempenda hatazikwa hivyo tena. Akachukua karatasi nyeupe nzito. Hakuna kibati cha ua la kahawa popote duniani, kwa hiyo aliyakata kwa wembe, ua moja moja, siku tatu. Akapiga mihuri ya herufi kwa wino wa zambarau: Mwalimu Nyakio Waithaka. Chini yake: 1954, kisha kistari. Baada ya kistari hakuandika kitu.

Siku ya kumi Mwalimu Nyakio akafungua macho, akaomba chai.

Philister alishukuru Mungu akiwa amepiga magoti kwenye choo cha wageni cha hospitali, maana hakupata pengine pa faragha. Kisha akaikumbuka kadi. Kila siku alipanga kuiondoa, na kila siku mkono ulimkataa: aichane, kana kwamba anamchana Mwalimu? Akaisukuma chini kabisa ya droo.

Jumamosi moja Dedan akaingia na maandazi moto, anacheka hata kabla ya salamu.

“Phily! Wanamruhusu Jumatatu! Nataka kadi kubwa ya kumkaribisha nyumbani, na nataka kuzungusha mimi mwenyewe. Bahasha ziko wapi?”

“Ngoja, Deda, nitakupa mi—”

Alikuwa ameshafungua droo. Philister alimwona akiinua bahasha, akiikuta kadi chini yake, akisoma. Mfuko wa maandazi akauweka mezani kwa uangalifu usio wa kawaida.

“Hii ni nini?”

“Deda, nisikize.”

“Ulitengeneza lini?”

“Wakati ule daktari alisema...”

“Mamangu alikuwa anapumua!” Dedan akapaza sauti, na Maurine akaacha kuchana wigi. “Alikuwa anapumua na wewe uko hapa unamkatia maua? Asubuhi unampelekea uji, mchana unampigia muhuri?” Akaigeuza kadi kuelekea kwake. “Na hapa ulikuwa unangoja nini, Philister? Uandike mwaka?”

“Nilitaka iwe nzuri,” akasema, na hata mwenyewe alisikia jinsi neno hilo lilivyokuwa dogo. “Nilitaka tu iwe nzuri.”

“Ngai,” Dedan akasema, akatoka.

Nisiseme uongo kumtetea: alikosea. Watu wa Ugenya na watu wa Gatundu wana mengi wasiyokubaliana, lakini hili wanakubaliana, kwamba mtu aliye hai hatengenezewi msiba. Philister alilijua hilo tangu utoto na akalifanya. Alipiga simu mara kumi na nne, hazikupokelewa. Aliandika ujumbe, ukasomwa, kimya. Hakula vizuri. Mwalimu akikohoa huko Loresho, alijiambia, ni mimi. Akizidiwa usiku, ni mimi.

“Choma hiyo kitu umalizane nayo,” Maurine alimshauri.

“Nikiichoma halafu apatwe na kitu?”

“Basi itupe.”

“Kwa takataka? Mum?”

Wiki ya tatu simu ikalia. Jina kwenye kioo lilimfanya akae chini.

“Philister,” ilisema sauti nyembamba, “mbona siku hizi huji kuniona? Ni kitu nilikukosea?”

Mungu wangu! Dedan hakuwa amemwambia neno. Mgonjwa wa watu alikuwa amekaa wiki tatu akijichunguza makosa yake mwenyewe. Philister alilia kwenye simu bila kujibu, kisha akasema, “Nakuja, Mum. Nakuja saa hii.” Akaita teksi, akatia kadi kwenye mkoba.

Alimkuta sebuleni kwenye jua la dirishani, sweta mbili na kitambaa kichwani. Philister hakuketi.

“Mum, ukiwa hospitali, nilikutengenezea kadi ya kifo. Hujanikosea chochote. Ni mimi nimekukosea, na Dedan aliiona, ndio maana siji.” Akaitoa, akamwekea mapajani. “Sikukuombea mabaya. Naapa. Lakini niliitengeneza.”

Mwalimu Nyakio alivaa miwani. Aliisoma kadi kama alivyosoma insha za wanafunzi miaka thelathini, polepole, kidole kikifuata maneno. Kidole kikafika kwenye kistari kikakaa hapo.

“Ulikata kwa mkono?”

“Ndio, Mum.”

“Siku ngapi?”

“Tatu.”

Mwalimu akaigeuza kadi, akaigeuza tena.

“Imeniuma,” Mwalimu akasema mwishowe. “Sitakudanganya. Imeniuma na imeniogopesha. Lakini tangu nitoke hospitali, kila anayeingia hapa ananiambia nimenawiri. Nimenawiri! Kwani sina kioo? Nikiuliza ilikuwaje, wananipa matunda. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia kwamba nilikuwa nakufa.” Akavua miwani. “Nimekusamehe, mami. Usinifanyie tena. Na hii inabaki na mimi, ni yangu. Sasa keti, umesimama kama askari.”

Philister aliketi, akalia hadi kitenge alichojifunga kikalowa, na Mwalimu akamwacha alie.

Kesho yake mchana Dedan akapiga.

“Ulimwambia Mum.”

“Nilimwambia.”

“Phily, usikate. Kuna kitu.” Alivuta pumzi, na nyuma yake zilisikika honi za Upper Hill. “Siku ile daktari alisema, nilirudi kukaa kando ya kitanda chake. Nikatoa simu nikaanza kuandika. Tangazo la kifo, historia ya maisha yake, yote. Amelala pale, mimi naandika ‘marehemu’. Niliandika saa mbili nzima. Wewe ulikuwa bado hata hujashika wembe.”

Philister aliihamishia simu kwenye sikio la pili.

“Nilipoona ile kadi niliona uchafu wangu. Nikakutupia wewe. Nisamehe, mpenzi.”

Hasira ilimpanda, na haki yake. “Wiki tatu, Dedan! Wiki tatu nimejiita mchawi!”

“Najua.”

“Hujui! Nenda umwambie Mum.”

“Siwezi. Mambo mengine yote nakufanyia, lakini hiyo siwezi.”

“Hata mimi nilidhani siwezi. Jumapili, baada ya kanisa. Tutaenda wote.”

Jumapili Dedan alikuwa na suti ya kijivu na uso wa kijivu. Alimwambia mama yake akiangalia zulia. Mwalimu Nyakio akaweka kikombe chini.

“Soma.”

“Mum, tafadhali...”

“Nimesahihisha maandishi yako tangu darasa la kwanza. Soma.”

Akasoma. Sauti ilimkatika kwenye jina, ikamkatika tena kwenye Gatundu. Alipofika “mpole na mnyamavu”, mama akamkatiza.

“Huo ni uongo. Mnyamavu nani? Futa.”

Philister alicheka kabla hajajizuia, na Dedan akacheka huku machozi yakimdondokea kwenye kioo cha simu. Akafuta, akaendelea.

“‘Mama mpendwa wa Dedan. Mama mkwe wa...’”

“Mama mkwe wa nani?”

“Hapo niliacha wazi, Mum.”

“Kwa nini?”

“Sikuwa nimemuuliza.”

“Na saa hii huna mdomo?”

Dedan akageuka. Hakupiga magoti, hakuwa na pete, alikuwa na simu iliyolowa tu mkononi. “Philister, naomba niandike jina lako hapa. Nakupenda. Unikubali hata kama nilikutendea vile.”

“Kwa tangazo la kifo, Deda?”

“Ndilo niko nalo.”

Philister alimtazama, kisha akamtazama Mwalimu, aliyekuwa ameegemea mto, anangoja kama wao.

“Andika,” akasema.

Akaandika, herufi moja moja.

“Soma tena hapo mwisho,” mama akaamuru.

“‘Mama mkwe wa Philister.’”

Mwalimu Nyakio akafumba macho. “Tena,” akasema.