Kioo Cheusi

Mlango wa chuma ulijifunga nyuma yake.

Sindano aligeuka, Glock mkononi. Hapakuwa na wa kumpiga. Kulikuwa na kuta nne zisizo na dirisha, kompyuta ya zamani yenye kisogo kikubwa, na mabomba darini yaliyoanza kufoka.

Gesi ya kuzimia moto. Inaua moto kwa kufukuza hewa, na binadamu haisazi.

"Shemeji," aliita kwenye redio yake ya Motorola. "Nimenaswa."

Shemeji alikuwa mume wa dada yake, na pia mkuu wake wa kazi. Alikuwa ndani ya gari, mtaa wa pili, na askari kumi na wawili.

"Uko wapi?"

"Chumba cha mitambo, ghalani. Glavu kanifungia. Lori la makombora liko uani, limebakiza geti tu."

Glavu ndiye aliyewaongoza walanguzi wa silaha. Hakuvua glavu hata mezani.

"Mitambo ya aina hiyo naijua," Shemeji alisema. "Milango yote inafunguliwa na hiyo kompyuta. Fungua!"

"Kwa amri gani? Ni ndefu kama treni!"

"Andika msaada. Programu itakuonyesha amri zote."

Aliandika. Kioo kilibaki cheusi.

Akaandika tena. Cheusi vilevile. Kichwa kilianza kumuuma, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii aliogopa kweli.

"Wameifuta, Shemeji."

"Hawathubutu. Hata wao hawajui amri ya geti kwa kichwa. Bila msaada hawatoki. Wamebadili rangi tu, maandishi meusi juu ya kioo cheusi. Maneno yapo, huyaoni."

"Na neno la siri la kufunga mipangilio?"

"Walanguzi hao? Nani amwachie mwenzake siri? Hawajaweka. Andika msaada, rangi, saba, sifuri. Saba ni maandishi meupe, sifuri ni kioo cheusi."

Sindano aliandika bila kuona alichoandika. Kidole kiliteleza. Alifuta, lakini hakujua amefuta herufi ngapi.

"Bonyeza Esc, anza upya," Shemeji alisema. "Polepole. Dada yako ataniua."

"Afadhali wewe una wa kukuua. Mimi nauawa na bomba."

Saba. Sifuri. Enter.

Maandishi meupe yalijaa kioo, kisha yakaanza kukimbia kwenda juu. Alikodoa macho. Hakuambulia hata mstari mmoja. Yalifika mwisho, yakakoma kwenye anwani ya mtengenezaji.

"Yanakimbia!"

"Kurasa hazijapangwa. Andika msaada, mistari, ishirini. Yatasimama kila baada ya mistari ishirini."

Aliandika akiwa ameegemea meza. Maandishi yalisimama. Ukurasa wa kwanza, taa. Wa pili, feni. Wa tatu, milango.

Alinakili amri herufi kwa herufi, namba ya mlango wake mwishoni. Mkono ulikuwa juu ya Enter alipousitisha.

"Shemeji, kioo cha kompyuta ya getini kinatumia mipangilio hii hii?"

"Ndiyo. Toka, mwanamke!"

"Bado."

Macho yalikuwa yanaingia giza. Kwanza alirudisha maandishi kuwa meusi. Kisha akafanya kile ambacho Glavu hakukifanya: aliweka neno la siri, rangi zisibadilishwe bila hilo. Ndipo akaandika tena amri ya mlango, gizani, akiomba Mungu vidole visimsaliti.

Mlango ulilia, ukafunguka. Alianguka koridoni na kuivuta hewa kwa pupa.

Uani, dereva wa lori alikuwa amekaa kwenye usukani, injini inanguruma. Hakuna anayegonga geti la chuma huku amebeba makombora. Glavu aliinamia kioo cha getini, anaandika, anafuta, anaandika. Glavu zilimtatiza. Alizivua moja baada ya nyingine, akazitupa chini.

Kioo kilibaki cheusi.

"Mikono juu," Sindano alisema nyuma yake.

Askari walikuwa tayari juu ya ukuta. Glavu aliinua mikono mitupu.

"Neno gani?" aliuliza kwa hasira. "Umeweka neno gani?"

"Jina ambalo dada yangu humwita mumewe wakiwa wawili."

Redio ilikohoa. "Sindano, usithubutu kulitaja."

"Sasa geti nitalifunguaje, Shemeji?"

Askari mmoja aliziba mdomo asicheke.

"Andika," Shemeji alisema hatimaye. "Usilisome kwa sauti."

Aliandika neno hilo, akarudisha maandishi meupe, kisha akaandika amri ya geti. Geti lilifunguka, naye akatoka kwa miguu, polepole, akivuta hewa.